Unasihi kwa Njia ya Mtandao: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya wanafunzi wa unasihi, ustawi wa jamii na afya ya akili wanaojiandaa na mtihani. Mada ni tiba ya mazungumzo inayotolewa kwa simu au kompyuta kwa mtu mwenye msongo wa mawazo, wasiwasi, mzigo wa malezi au anayejiona si lolote. Funika jibu kwanza, andika la kwako, kisha linganisha.

Kabla ya kuanza, shika jambo moja litakalokufaa katika kila swali. Ofisini, mnasihi hufunga mlango mwenyewe. Mtandaoni, mlango uko kwa mteja. Kwa hiyo kila jibu zuri hutanguliwa na maswali mawili: mteja yuko wapi, na nani anamsikia?

SEHEMU A: KWELI AU SI KWELI (toa sababu)

1. Tiba ya mazungumzo kwa mawasiliano ya mbali ilianza wakati wa UVIKO-19.

Si kweli. Huduma ya simu ya Samaritans, kwa watu waliofikia kutaka kujiua, ilianzishwa London mwaka 1953 na kasisi Chad Varah. Mwaka 1959 wataalamu wa magonjwa ya akili huko Nebraska, Marekani, walikuwa tayari wanatumia televisheni ya pande mbili katika tiba ya vikundi. Mwaka 2020 uliwalazimu wanasihi wengi kuhamia mtandaoni kwa mara moja, lakini njia yenyewe ilikuwapo.

2. Msongo wa mawazo ni mbaya wakati wote.

Si kweli. Msongo ni mwitikio wa mwili na akili kwa jambo linalomdai mtu zaidi ya kawaida. Hans Selye, aliyeandika juu yake mwaka 1936, alibainisha hatua tatu: mshtuko, kustahimili na kuishiwa nguvu. Msongo wa muda mfupi humwamsha mwanafunzi asome. Unaodhuru ni ule usiokatika hadi mtu akafika hatua ya tatu.

3. Alama za GAD-7 zinatosha kumwambia mteja kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi.

Si kweli. GAD-7, iliyochapishwa mwaka 2006, ina vipengele 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake ni kuanzia 0 hadi 21. Alama 5 huashiria wasiwasi mdogo, 10 wa kati, na 15 mkali. Ni chombo cha uchunguzi wa awali, hivyo utambuzi wa ugonjwa huhitaji mahojiano na mtaalamu.

4. Programu ya kujisaidia mtandaoni haina faida bila kuonana na mtaalamu uso kwa uso.

Si kweli. Tafiti nyingi, hasa za Sweden, zimeonyesha kwamba tiba ya fikra na tabia inayotolewa mtandaoni huku mtaalamu akimfuatilia mteja inaweza kuleta matokeo yanayokaribiana na ya ana kwa ana kwa wasiwasi na sonona. Neno la kulipigia mstari ni "akimfuatilia". Mteja anapoachwa peke yake na programu, wengi huishia njiani.

5. Mteja akifuta mazungumzo kwenye simu yake, siri imehifadhika.

Si kweli. Mazungumzo yanaweza kubaki kwenye simu ya mnasihi, kwenye nakala rudufu, kwenye kompyuta iliyounganishwa na akaunti hiyo, au kwa kampuni inayoendesha huduma.

SEHEMU B: MASWALI YA MAJIBU MAFUPI

Swali la 1. Taja aina kuu mbili za unasihi wa mtandaoni, na ueleze faida na udhaifu wa kila moja.

Aina ya kwanza ni ya papo kwa papo: simu ya kawaida, simu ya video au kuandikiana kwa wakati mmoja. Mnasihi husikia pumzi, kigugumizi na kilio, na kwenye video huona uso. Udhaifu wake ni kwamba hutaka mtandao imara, bando la kutosha na mahali pa faragha kwa muda wote wa kikao.

Aina ya pili ni ya kupokezana: barua pepe, ujumbe wa maandishi, au ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaojibiwa baadaye. Humfaa mtu anayefanya kazi za zamu au mwenye simu ya kushirikiana, na humpa nafasi ya kupanga mawazo yake. Udhaifu wake ni kuchelewa. Ujumbe wa "nimechoka kuishi" ukitumwa saa nane usiku unaweza kusikilizwa saa tatu asubuhi. Ndiyo maana mnasihi hutaja tangu mwanzo saa anazojibu, na mteja afanye nini nje ya saa hizo.

Usisahau simu ya kitochi. Sauti peke yake hubeba kikao kizima, na watu wengi hawana zaidi ya hiyo.

Swali la 2. Tofautisha msongo wa mawazo na wasiwasi.

Msongo kwa kawaida una chanzo kinachoonekana: deni la kikoba, mitihani, mgonjwa nyumbani. Chanzo kikiondoka, nao hupungua. Wasiwasi hutazama mbele, kwenye baya ambalo huenda lisitokee, na unaweza kuendelea hata chanzo kikiwa kimekwisha. Vyote viwili huleta moyo kwenda mbio, misuli kukaza, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za karibu.

Tofauti hiyo huelekeza tiba. Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza njia mbili za kukabiliana na msongo: kushughulikia tatizo lenyewe, na kushughulikia hisia zinazotokana nalo. Mwenye deni linaloweza kupangwa upya husaidiwa kulipanga. Aliyefiwa hana cha kupanga upya, kwa hiyo hushikwa mkono katika huzuni yake. Mwenye wasiwasi hufundishwa kulipima wazo linalomtisha na kurudi kidogo kidogo kwenye yale anayoyakwepa.

Ukihitaji takwimu, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi mwaka 2019, na kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa takribani asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19.

Swali la 3. Carl Rogers alitaja masharti gani ya msingi ya mnasihi, nayo hutimizwaje mtandaoni?

Katika makala yake ya mwaka 1957, Rogers alisisitiza mambo matatu upande wa mnasihi: kuingia katika hisia za mteja na kumwelewa kwa jicho lake, kumkubali bila masharti, na kuwa mkweli wa nafsi. Yote hupita kwenye simu, ila hutaka juhudi ya ziada.

Chukua mfano wa ukimya. Ofisini mnasihi akinyamaza, mteja humwona ameinamisha kichwa akimsikiliza. Kwenye simu, sekunde kumi za ukimya humfanya mteja aseme, "Haloo? Umekata?" Basi mnasihi huusemea ukimya wake: "Nipo, nakusikiliza. Chukua muda wako." Kutikisa kichwa nako hugeuka sauti: "mmh", "naam", "endelea". Na mtandao ukiyumba, mkweli wa nafsi husema, "Hapo sijakusikia, naomba urudie." Akijifanya amesikia na mteja akagundua, imani iliyojengwa kwa mwezi mzima hubomoka.

Ongeza hoja ya John Suler wa Marekani, aliyeeleza mwaka 2004 jinsi watu wanavyojiachia wanapokuwa mtandaoni. Mteja anaweza kumwaga katika ujumbe wa sauti wa kwanza mambo ambayo ana kwa ana yangechukua miezi, kisha aone aibu na asirudi tena. Mnasihi makini hupunguza kasi: "Asante kwa kuniamini. Si lazima tuyamalize yote leo."

Swali la 4. Eleza mzigo wa malezi, na utaje misaada miwili inayoweza kutolewa kwa simu.

Kila mzazi huchoka. Uchovu uliopitiliza wa malezi ni hali ambapo mzazi ameishiwa nguvu kabisa, anajiweka mbali kihisia na watoto wake, haoni tena raha ya kuwa mzazi, na anajiona si yule mzazi aliyekuwa zamani. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Ubelgiji wameichunguza hali hii kwa kina. Utafiti wao na wenzao katika nchi 42, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba huwapata zaidi wazazi wa nchi zenye utamaduni wa kila mtu na lwake. Hoja hiyo inatugusa. Mama aliyelelewa kati ya bibi, shangazi na majirani, na sasa analea peke yake katika chumba cha kupanga mjini, ameukosa msaada ambao mama yake aliupata bila kuuomba.

Msaada wa kwanza ni kumrejeshea mzazi watu. Kwa simu, mnasihi humsaidia kuorodhesha nani anaweza kumchukua mtoto kwa saa mbili, nani anaweza kumsikiliza, na amwombeje bila kujisikia mzigo.

Msaada wa pili ni mafunzo ya malezi chanya. Diana Baumrind, katika miaka ya 1960, alitofautisha mzazi mkali asiyesikiliza, mzazi anayeachia kila kitu, na mzazi mwenye msimamo unaoambatana na upendo. Huyo wa tatu ndiye anayelengwa. Mwanza ulifanyika utafiti wa programu ya simu iitwayo ParentApp, kwa familia zenye vijana wa miaka 10 hadi 17. Ni mfano mzuri wa kuutaja kwa sababu ni wa nyumbani.

Swali la 5. Mnasihi atamsaidiaje mteja asiyejithamini?

Kujithamini ni namna mtu anavyoipima thamani yake mwenyewe. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965, chenye sentensi 10. Njia inayotumika sana ni tiba ya fikra na tabia iliyoasisiwa na Aaron Beck miaka ya 1960: mteja hulikamata wazo linalomuumiza, huliweka mezani na kulipima kwa ushahidi. Kazi hii huenda vizuri kwa maandishi, kwani mteja hubaki na karatasi yake ya kurejea.

Jihadhari na jambo moja la mtandaoni. Simu inayomletea mteja mnasihi ndiyo hiyo hiyo inayomletea picha za harusi, magari na safari za wenzake. Akimaliza kikao na papo hapo akafungua Instagram, anaweza kujilinganisha tena kabla ya dakika tano kupita. Mnasihi humpangia la kufanya mara baada ya kikao: aiweke simu kando, aandike mstari mmoja wa alichokipata, atoke nje.

Swali la 6. Kwa nini usiri wa mtandaoni ni mgumu kuliko wa ofisini? Toa mifano halisi miwili na utaje sheria husika.

Kwa sababu siri huvuja pande tatu: kwa mteja, ambako simu ni ya kushirikiana na kuta ni nyembamba, kwa mnasihi, ambaye simu yake inaweza kuibwa, na kwa kampuni iliyo katikati.

Mfano wa kwanza: Finland, mwaka 2020, ilibainika kuwa kumbukumbu za wateja wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo zilikuwa zimeibwa, na wateja wenyewe walitumiwa vitisho vya kudaiwa pesa. Mfano wa pili: Marekani, mwaka 2023, kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 kufuatia madai ya tume ya serikali inayolinda watumiaji kwamba ilizipa kampuni kama Facebook na Snapchat taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya pia ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Mteja ana haki ya kuuliza: wewe umesajiliwa wapi? Swali hilo lina uzito zaidi mteja anapokuwa nchi nyingine. Dada wa Tanga anayefanya kazi za ndani Muscat anaweza kumpigia mnasihi wa Tanga, lakini sheria za Oman ndizo zinazotawala pale alipo, na mnasihi lazima azijue kabla ya kuanza.

Swali la 7. Orodhesha mambo ya kukubaliana na mteja kabla ya kikao cha kwanza, kwa ajili ya dharura.

(a) Mahali halisi alipo, atakapokutajia upya kila kikao kinapoanza.
(b) Jina na namba ya mtu wa karibu anayeridhia apigiwe.
(c) Kituo cha afya kilicho karibu naye, si karibu na wewe.
(d) Mtandao ukikatika, nani ampigie mwenzake, na baada ya muda gani.
(e) Mipaka ya usiri: hatari ya kujiua, kumdhuru mwingine, au mtoto kudhulumiwa.
(f) Namba za msaada. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto Tanzania na Kenya pia. Kenya kuna vilevile 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kumbuka pia dodoso la PHQ-9 la sonona. Kipengele chake cha tisa huulizia mawazo ya kujiua au kujidhuru. Usimtumie mteja dodoso hilo alijaze usiku ikiwa hakuna atakayelisoma hadi kesho.

SEHEMU C: KISA

*M ni mama lishe wa Mwanza, miaka 34, mwenye watoto watatu. Mume wake anafanya kazi mgodini Geita na huja mara moja kwa mwezi. Kwa wiki sita M hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, anamfokea na kumpiga mwanawe wa miaka 13, kisha analia. Husema, "Mimi si mama, mimi ni bure." GAD-7 yake ni 13. Simu yake hutumiwa pia na huyo mwanawe. Eleza utakavyomhudumia.*

Jibu la mfano

*Hatua ya kwanza: faragha.* Usianze na dalili. Mazungumzo ya mwanzo yanaweza kwenda hivi, M akianza kwa salamu:

— Shikamoo, mama.
— Marahaba, mwanangu. Habari za kutwa? Kabla hatujaanza, niambie, uko wapi sasa hivi?
— Niko nyumbani, jikoni.
— Kuna mtu karibu anayeweza kutusikia?
— Wifi yangu yuko sebuleni, anaangalia tamthilia.
— Tuongee sasa, au kuna saa utakuwa huru zaidi?
— Bora kesho saa kumi, kibandani. Wateja huwa wameisha.
— Haya. Akitokea mtu tukiwa tunaongea, utaniambiaje?
— Nitasema mchele umefika.
— Nikisikia hivyo, nitakuuliza bei ya mchele mpaka uniambie amekwenda.

Kisha mwelekeze aweke namba ya siri kwenye WhatsApp, azime maonyesho ya ujumbe kwenye kioo, na kwa pamoja mkubaliane kwamba hutamtumia ujumbe wowote nje ya saa zenu. Mtoto wa miaka 13 asije akasoma mama yake anavyomlilia.

*Hatua ya pili: usalama.* Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa ruhusa ya kusema. Uliza pia kipigo kimefikia wapi. Mtoto akiwa na majeraha au yuko hatarini, wajibu wa kumlinda unatangulia usiri, na M ulikwisha kumweleza hivyo siku ya kwanza.

*Hatua ya tatu: kutuliza mwili.* Mfundishe kupumua taratibu kutoka tumboni, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Fanyeni pamoja simuni. Mpangie muda wa kufanya mwenyewe, kwa mfano anaposubiri maharage yaive.

*Hatua ya nne: kupima wazo.* Mwombe akuelezee mara ya mwisho alipojiona bure. Jazeni pamoja:

Tukio: mtoto kaleta alama 18 kati ya 50 za hisabati.
Wazo: "Nimeshindwa kumlea."
Hisia: aibu, hasira.
Ushahidi wa kuliunga wazo: sijakagua daftari lake mwezi huu.
Ushahidi wa kulipinga: naamka saa kumi alfajiri ili wale na wavae, wadogo zake wanafanya vizuri, yeye mwenyewe huja kunisaidia kuosha vyombo.
Wazo lililopimwa: "Mwanangu ana shida ya hisabati, na mimi nimechoka. Yote mawili yanahitaji msaada."

Angalia kwamba M hakuambiwa "wewe ni mama bora". Sifa ya bure angeikataa. Ushahidi ameutoa kinywani mwake, hivyo ni vigumu kuukana.

*Hatua ya tano: tatizo na watu.* Chagueni tatizo moja linaloweza kushikika, labda masomo ya ziada ya mtoto au zamu za wifi jioni. Mume aingizwe kwa simu ikiwa M ataridhia. Hapa unaweza kuutaja mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, unaounganisha kutuliza mwili, kutatua matatizo, kurudia shughuli na kuimarisha msaada wa watu. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukitolewa na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo, na uliwapunguzia dhiki.

*Hatua ya sita: tathmini na rufaa.* Rudia GAD-7 baada ya wiki chache. Ikipanda hadi 15 au zaidi, au akitaja kujiua, mpe rufaa ya kuonana na mtaalamu hospitalini. Kumbuka kuwa moyo kwenda mbio unaweza pia kutokana na upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo, kwa hiyo apimwe mwili vilevile.

SEHEMU D: JADILI

*"Unasihi wa mtandaoni utaziba pengo la wataalamu wa afya ya akili Afrika Mashariki."*

Hoja za kuunga mkono. Wataalamu wengi wako mijini na kwenye hospitali chache kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja. Simu humfikia mtu wa Ngara bila nauli. Pia humwepusha na macho ya watu. Mwalimu anayeogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya akili anaweza kuzungumza akiwa kwake. Na anayeishi ughaibuni humpata mtu wa kumsikiliza kwa Kiswahili.

Hoja za kupinga. Anayehitaji faragha zaidi mara nyingi ndiye asiye nayo. Mwanamke anayepigwa na mumewe hawezi kuongea kwa simu inayokaguliwa na mume huyo. Bando hugharimu. Mtu anayesikia sauti, aliye katika hali ya kutaka kujiua, au aliyezidiwa na ulevi anahitaji watu walio karibu naye. Tena mtandaoni yeyote anaweza kujiita mnasihi.

Msimamo. Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha nafuu kubwa. Hakukuwa na teknolojia ya ajabu pale. Kulikuwa na mtu aliyefundishwa, anayeaminika, anayerudi wiki inayofuata. Simu inaweza kumfikisha mtu wa namna hiyo mbali zaidi, lakini haiwezi kumtengeneza. Kwa hiyo mtandao utapunguza pengo pale tu tutakapofundisha na kusajili wanasihi wa kutosha, na pale kila huduma ya simu itakapokuwa na mlango wa hospitali nyuma yake.

MAKOSA YANAYOWAPOTEZEA WATAHINIWA ALAMA

Kutaja programu na mitandao bila kusema mteja yuko chumba gani. Kuandika "nitamshauri aache kuwaza": huo ni wosia, hauna hatua hata moja ya tiba. Kuahidi usiri usio na mipaka. Kutoa namba ya hospitali ya Dar es Salaam kwa mteja aliye Kigoma. Na kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kumpa rufaa mteja ni kushindwa. Mnasihi anayesema mapema, "Hili linahitaji uonwe ana kwa ana, na nitabaki nawe mpaka ufike," ametoa huduma kamili, na jibu lenye sentensi hiyo linastahili alama zake zote.